Nukta Pale Chemchemini

Jumba la Mimea Mikavu
4 Februari

Shemeji,

Kifurushi chako kimefika, na ungekuwa karibu ningekurudishia mkononi. Nilikuomba okidi zilizobanwa ndani ya magazeti makavu. Umeniletea magazeti yaliyolowa, na ndani yake kitu cheusi kinachonuka kama soksi. Mhudumu wetu amefungua madirisha yote na bado analalamika.

Halafu hizo lebo. Ya kwanza umeandika "Msituni, karibu na chemchemi." Ya pili, "Pale pale." Ya tatu, "Shemeji unapajua." Napajua, ndiyo. Nimepanda huko na marehemu dada yako mara nyingi, tena yeye akiwa mbele na mimi nikihema nyuma. Lakini mtu atakayefungua kabati hili mimi nikiwa kaburini, yeye atapajuaje?

Nakueleza tena, maana naona mara ya kwanza nilikuwa natwanga maji. Okidi hizi nyeupe zenye mkia ndizo kazi yangu ya maisha. Mkia ni ule mrija mwembamba unaoning'inia nyuma ya ua, wenye asali chini kabisa. Za kule juu mlimani zina mkia mrefu kuliko kiganja. Za bondeni zina mkia mfupi kama kidole gumba. Hizo ni spishi mbili zinazojulikana, na kwenye ramani yangu ya mahali zinapoota, nukta za hizi hazigusi nukta za zile. Zako za chemchemini si ndefu wala si fupi. Nikithibitisha kwamba ni spishi ya tatu, isiyopatikana popote duniani ila kwenye miti hiyo michache, kamati ya barabara itabidi izungushe barabara yake. Nikishindwa, chemchemi itafukiwa kwa kifusi. Kamati inakaa Agosti. Kwa hiyo usinione nina gubu.

La mwisho. Kwenye mizizi ya sampuli moja nimekuta kipande cha kitambaa cha buluu chenye madoa meupe, kimeoza. Usifunge sampuli zangu kwa matambara. Yanashika unyevu.

Daktari


Kituo cha Walinzi wa Msitu
19 Februari

Shemeji Daktari,

Shikamoo. Ndivyo watu wanavyoanza barua, nakukumbusha tu. Mimi sijambo, mke wangu hajambo, mtoto anaota meno na hatulali. Hujaniuliza, lakini nimekujibu.

Magazeti yamelowa kwa sababu mvua haijakatika na paa la kituo linavuja juu ya meza. Nashukuru halivuji juu ya kitanda. Na hicho kitu cheusi kinachonuka nilikichuma nikiwa nimekalia tawi, mguu mmoja hewani, huku mlinzi mwenzangu akinishikia ngazi na kuniuliza kama ua hilo linaliwa. Lebo nitaziandika vizuri. Nitaandika mti, tawi, upande wa tawi, na jina la ndege aliyekuwa ananitazama, kama nalo unalitaka.

Watu wa barabara wameshafika. Wamepita wakipaka rangi nyekundu, msalaba kwa kila mti unaotakiwa kuanguka. Mmoja wao alinisalimia kwa adabu kabisa, halafu akapaka ule mti ninaoegemeza baiskeli. Nikamwambia miti hii ina mwenyewe. Akaniuliza ni nani. Nimelinda msitu huu tangu sijaota ndevu na sikuwa na jibu la kumpa mtu mwenye kopo la rangi.

Sasa hivi sisi huku tunakutegemea wewe na mikia yako. Nakutumia maua ndani ya chupa za spiriti safari hii, yasije yakakunukia. Na hicho kitambaa mimi sikukifunga.

Shemejio,
Mlinzi wa Msitu


Jumba la Mimea Mikavu
10 Machi

Shemeji,

Marahaba. Poleni na meno ya mtoto. Unaona, najifunza.

Chupa zimefika salama, na lebo zako sasa zinasomeka kama za mtu aliyekwenda shule. Nimeyakata maua chini ya lenzi wiki nzima. Mdomo wa ua ni mpana kama wa zile za juu, majani ni mafupi kama ya zile za bondeni, na mkia uko kati. Mwenzangu wa chumba cha pili, yule anayepinga hata jua likichomoza, alichungulia mara moja tu akasema, "Hiyo chotara. Za juu zimezaa na za bondeni."

Nikamfungulia ramani. Nikamwonyesha kila nukta, kuanzia za wakusanyaji wa kwanza mpaka zako. Za juu hazijawahi kuonekana chini ya ule ukingo wa mawe, na za bondeni hazijawahi kupanda zaidi ya chemchemi. Kati yake kuna mwendo wa nusu siku kwa miguu, na nondo, yule kipepeo wa usiku anayezichavusha, hasafiri hivyo kwa tone la asali. Nikamuuliza, wazazi wasiokutana wanazaaje? Akarudi chumbani kwake. Sijawahi kumwona akiondoka bila kupinga, na sikuficha furaha yangu.

Basi ni spishi ya tatu. Nimeandika maelezo yake, jarida limekubali kuyachapisha, na nakala nimeipelekea kamati. Lililobaki ni jina. Unajua sisi tunaruhusiwa kuipa spishi mpya jina la mtu. Hii nimeipa jina la dada yako. Mwaka wa tatu huu tangu tumzike, na sijaweza hata kumwekea jiwe la kaburi, kwa kuwa kila fundi niliyemwendea sikuyapenda maandishi yake. Nilikuwa nakwenda, napiga bei, nakasirika bure, narudi nyumbani. Hili la ua nimelipenda. Nilitaka ulijue kabla ya mtu mwingine yeyote.

Daktari


Kituo cha Walinzi wa Msitu
27 Machi

Shemeji yangu,

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikakaa, nikaianza upya. Nikampelekea mama. Aliomba nimrudilie ile sehemu ya jina. Jioni nikamsikia akimwambia jirani kwamba binti yake amekuwa ua. Jirani akaja kuniuliza pembeni kama mama ameanza kuchanganyikiwa. Tumecheka, na mama amelia, na mimi nimelia kidogo nyuma ya nyumba.

Na jina hilo limempata mwenyewe kuliko unavyodhani, maana zile okidi za chemchemini ni kazi ya mikono yake. Unaukumbuka mwaka wa wapasua mbao kule juu? Miti ilianguka na okidi zimeishikilia, zikawa zinakauka hapo chini juani. Dada alikuwa amekuja kututembelea. Hakuvumilia. Alizibandua, akazibeba kwa kikapu mpaka chemchemini, akazifunga kwenye matawi moja moja kwa vipande vya nguo vilivyobaki kwenye cherehani yake. Mimi nilimshikia ngazi. Alikuwa anazisemesha kama wagonjwa wodini.

Watu wa barabara nimewaambia wakatafute rangi ya kufutia misalaba yao.

Shemejio


Jumba la Mimea Mikavu
2 Aprili

Alifunga nini, wapi, na lini?

Nijibu bila utani. Alizitoa juu ya ukingo wa mawe? Zilikuwa zenye mkia mrefu? Kabla hajazileta, pale chemchemini kulikuwa na okidi gani? Hizi za kati uliwahi kuziona kabla ya mwaka huo? Nenda kapime mkia wa kila ua unaloweza kulifikia. Usichume. Pima, andika, nitumie.

Na kwa nini mimi sikuambiwa?


Kituo cha Walinzi wa Msitu
15 Aprili

Shemeji,

Barua yako haikuwa na salamu, wala jina langu, wala lako. Nilidhani ni ya polisi.

Ndiyo, alizitoa juu ya ukingo, na zilikuwa zenye mkia mrefu. Chemchemini zilikuwepo za mkia mfupi tangu utoto wetu. Hizi za kati sikuwahi kuziona zamani. Zimeanza kuchanua miaka ya karibuni, nikadhani ni zile za dada zimezoea mahali zikapunguza maringo. Nimepima zote ninazozifikia na karatasi iko ndani ya bahasha hii. Hakuna mbili zinazolingana.

Kwa nini hukuambiwa? Unajua mwenyewe, shemeji. Siku ile dada alipokuja nyumbani kwenu na mmea mmoja wa msituni akauweka dirishani, ulimsema mbele ya wageni. Ukasema mmea uliotolewa mahali pake haumfai mtu yeyote, ni sawa na ushahidi ulioharibiwa. Alikuja kwetu na kisirani cha wiki nzima. Sasa pale chemchemini, yuko juu ya ngazi na kitambaa mdomoni, akaniambia, "Usimwambie, atanipa mhadhara mpaka nizeeke." Tulicheka mpaka ngazi ikayumba. Baadaye alisema atakwambia mwenyewe, siku atakayokukuta una moyo mkunjufu. Sijui kama aliipata.

Kwani tatizo liko wapi? Ua lipo, unaliona kwa macho yako.

Shemejio


Jumba la Mimea Mikavu
3 Mei

Shemeji,

Habari za huko, mama hajambo, mtoto hajambo. Nimejizuia nisikuandikie kwa hasira na bado ninayo, kwa hiyo nivumilie.

Tatizo ni kwamba mwenzangu wa chumba cha pili alisema kweli. Dada yako aliwakutanisha wazazi wasiokutana. Zile ndefu alizozifunga na zile fupi zilizokuwepo zilichanua jirani kwa jirani, nondo akafanya kazi yake, mbegu zikashika kwenye magome, na baada ya miaka zikatoa maua. Ndiyo maana hakuna mbili zinazolingana. Spishi ina kipimo chake, lakini chotara kila mmoja amerithi kivyake. Nilikuwa na ushahidi mkononi tangu Februari. Kile kitambaa cha madoa nilikishika kwa koleo nikakitupa kwenye pipa la taka. Kilikuwa kitambaa cha gauni lake, shemeji. Alilishona mwenyewe, akalivaa mpaka likafifia, na nimelikumbuka juzi tu nikiwa naoga.

Kwa hiyo hakuna spishi ya tatu, na jina haliwezi kusimama. Nukta ya chemchemini nayo lazima ifutwe, kwa sababu ramani yangu inaonyesha mmea ulipofika wenyewe, siyo ulipobebwa. Jarida nitaliandikia liiache makala. Kamati nitaiambia.

Miaka yote ile ya kazi, na nimeangushwa na kikapu. Lakini kinachonichoma zaidi si makala. Nimeishi na mwanamke yule nikala naye, nikalala naye, nikamuuguza, na jambo zuri kuliko yote aliyoyafanya msituni alilifanya kwa kujificha ili nisimkemee.

Daktari


Kituo cha Walinzi wa Msitu
12 Mei

Daktari,

Usiiambie kamati. Nakuomba kama ndugu, maana wewe ni ndugu.

Nani atakuuliza? Anayejua ni mimi na wewe, na huyo mwenzako ambaye umesema mwenyewe hupinga kila kitu, kwa hiyo hakuna anayemsikiliza. Ua lile liko pale tu, duniani kote halipo kwingine. Hilo si kweli? Unaniambia chotara. Mke wangu ametoka mbali, mimi ni wa hapa, tukakutana kwa sababu lori lao liliharibika. Mtoto wetu naye tumfute kwenye hesabu ya watu?

Ungekuwa mtu wa kunyamaza, dada angekwambia siku ile ile alipotoka msituni na tusingefika hapa. Nyamaza mara hii moja. Ukisema, watakuja na misumeno, na mimi ndiye nitakayesimama pale nikisikiliza. Wewe utakuwa umekaa na makabati yako. Ulimzika dada yangu mara moja. Usimzike tena kwenye mkutano wa watu wenye suti.

Shemejio


Jumba la Mimea Mikavu
29 Mei

Shemeji,

Barua yako naisoma kila siku, na kila siku nakupa haki mpaka nifike mwisho wa ukurasa.

La mtoto umenishinda. Sheria yao inalinda spishi, hailindi chotara, na mimi sikuitunga. Nimejaribu kunyamaza. Nilikaa na makala mbele yangu nikajiambia, basi, nani ataumia? Lakini ipo siku mtu atapanda huko, atapima mikia kama ulivyopima wewe, na ataona. Kwetu sisi jina likishachapishwa haliondoki hata likiwa batili. Linabaki vitabuni kwenye orodha ya makosa, na kila atakayelinukuu atalinukuu kwa kulikosoa. Unataka dada yako atajwe hivyo? Unaniambia nisimzike tena. Nilimzika mara moja ikanitosha, na mengi nimemkosea, lakini sitamsimamishia uongo halafu nimwachie yeye aubebe.

Leo nimeliandikia jarida. Nukta nimeifuta. Kamati nitakwenda kuiomba chemchemi kwa ajili ya maji na ile miti mikubwa. Nitapigana kwa nguvu zangu zote, ila kwa ukweli.

Niandikie hata kama ni matusi.

Daktari


Jumba la Mimea Mikavu
21 Agosti

Shemeji,

Hukunijibu, lakini ni haki yako kulisikia hili kwangu.

Kamati ilikaa jana. Niliongea juu ya maji, nikaongea juu ya miti, nikaongea juu ya udongo utakaoporomoka mvua kubwa zikija. Mwenyekiti alinisikiliza kwa adabu huku akitafuna kalamu, kisha akauliza swali moja. "Daktari, ile spishi uliyotuandikia, ipo au haipo?" Nikasema haipo. Akanishukuru kwa uaminifu wangu, na wakaipitisha barabara kabla chai haijaletwa.

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za jengo lao. Askari wa getini akaja kuniuliza kama naumwa, nikamwambia ndiyo. Aliniletea maji kwenye kikombe chake mwenyewe. Sijutii nilichosema, na silali. Mwenyekiti yule nimemchukia kwa roho yote, ingawa hakufanya kosa lolote.

Daktari


Jumba la Mimea Mikavu
6 Novemba

Shemeji,

Nimeandika mara tatu baada ya ile ya kamati na hujajibu. Mwenye basi anaapa kwamba barua zinafika kituoni.

Sikuulizi habari za msitu. Nakuuliza habari zenu. Mama anaendeleaje na miguu? Mtoto ameanza kutembea? Mke wako bado ananiita Mzee wa Lebo? Hii nyumba haina mtu wa kunicheka, na kwa kweli nimechoka na sauti yangu.

Daktari


Kituo cha Walinzi wa Msitu
18 Januari

Daktari,

Mtoto anatembea na anavunja vitu. Mama miguu ni ile ile. Habari za ua ameacha kuzizungumza.

Barua zako zote zilifika. Nilikuwa nikizisoma na kuziweka, maana kila nilipokaa kukujibu nilijikuta nakutukana, na wewe ni mkubwa kwangu. Mwanzoni mwa mwezi walianza kukata. Nilisimama pale kama nilivyokwambia. Kiongozi wao si mtu mbaya, alisema kama kuna kitu nataka kuokota chini nisubiri mti utulie, atawazuia watu wake na misumeno. Nikaokota. Mke wangu akaja, mlinzi mwenzangu akaja, yule yule wa kuuliza kama linaliwa. Mama akaambiwa apumzike akakataa, akakaa kwenye kisiki akichana mashuka ya zamani. Tumejaza vikapu mpaka vikatuzidi. Ndefu, fupi, na zile za dada zisizo na jina. Hatukuzitenganisha.

Tumezifunga mahali penye kivuli na unyevu, pasipopita mtu. Wapi, sikuambii. Ni mbali na nukta zako zote. Nakufahamu: ukiulizwa utasema, ukisema utaandika, na ukishaandika watu watakuja na ramani mkononi. Dada alikuficha kwa sababu alikuogopa. Mimi nakuficha kwa sababu najua huwezi kudanganya.

Ukitaka kukasirika, kasirika. Mimi nimekasirika tangu Mei na sijafa.

Shemejio


Jumba la Mimea Mikavu
2 Februari

Shemeji,

Nilikasirika. Nilivaa viatu nikaenda mpaka stendi, nimekusudia kuja kuing'oa siri hiyo kwako kwa mikono yangu. Wewe hujui ilivyo kwa mtu wa kazi yangu kuambiwa kuna mmea mahali na asijue ni wapi. Ni kuwashwa mgongoni pale mkono usipofika. Basi lilikuja, kondakta akaniuliza kama napanda. Nikarudi nyumbani.

Usiniambie. Hata nikija huko nikakubembeleza, hata nikikudanganya kwamba nakaribia kufa. Mwambie na mama asiniambie, maana yeye namjua, nikimletea sukari ataanza kulegea.

Jana mwenzangu wa chumba cha pili aliniuliza kama zile chotara zilikufa zote miti ya chemchemini ilipokatwa. Nikamwambia sijui ziliko. Akanitazama sana, kwa kuwa katika miaka yote hajawahi kunisikia nikisema hivyo juu ya okidi. Nami nikaendelea kubandika majani yangu, na nilikuwa nimemwambia kweli tupu.

Nilitaka kukuomba uwe unapima mikia yake. Nimeufuta mstari huo. Zikichanua, niandikie tu kwamba zimechanua.

Shemejio